Mshona Mapazia Hakuwemo Filamuni

Penye wengi pana mengi, na Kariakoo ya mwaka ule soko jipya lilipofunguliwa ilikuwa na wengi kupita kiasi. Filamu ya yule bwana wa Ulaya anayekunywa damu za watu ilipoingia kwenye sinema ya upande wa Posta, haikutimia wiki kila mtu Mtaa wa Sikukuu alikuwa na neno lake. Wauza viazi walisema huyo ni mumiani yule yule wa siku zote, ila huyu kavaa suti nyeusi na anakaa kwenye kasri. Balozi wa nyumba kumi, ambaye hakuiona kabisa, alisimama mkutanoni akawaeleza wananchi kuwa filamu ni nzuri na inafundisha, kwa sababu yule bwana ni bepari na mabepari wote wataishia vile vile. Muuza kahawa aliyeiona alijibu kwamba haimfundishi kitu mtu mwenye akili, maana popo wake anavutwa kwa uzi na uzi unaonekana.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeisubiri filamu ile kwa moyo wake wote, na huyo ndiye ambaye hakuweza kwenda. Sabaha alikuwa amekaa eda. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi; hatoki, hajipambi, wala hakai uso kwa uso na mwanamume asiye maharimu wake. Sabaha alikuwa nusu ya safari hiyo, chumbani kwake, amejitanda kaniki, dirisha limefunguliwa kiasi cha kupitisha hewa tu. Hakulalamika. Alikuwa mwanamke wa kufanya jambo kwa ukamilifu, hata likiwa la kuumiza.

Marehemu mumewe, Nassibu, alikuwa mtu wa Lindi, karani wa stoo kwenye karakana za reli pale Gerezani. Mpole, mrefu, mwenye kucheka kwa mabega bila sauti. Zamani Mzungu mmoja wa karakana aliporudi kwao alimwachia vitabu, na kimojawapo kilikuwa hicho hicho cha mnyonya damu, kitabu cha kale ambacho, kwa maneno ya Nassibu, Wazungu wamekisoma tangu enzi za babu zao na bado kinawatia hofu. Sabaha Kiingereza alikuwa akikiona kwenye makopo ya maziwa tu. Basi kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, nyumba nzima ikiwa imelala, Nassibu aliketi uani kwenye mkeka, kitabu mapajani, akamsomea mkewe kwa Kiswahili. Sabaha, fundi cherehani aliyejulikana mtaa mzima, alikuwa akipinda foronya za wateja kwa mkono huku akisikiliza. Wenye ndoa zao wana starehe nyingi. Hawa yao ilikuwa hiyo.

Na hadithi yenyewe ilikuwa tamu. Palikuwa na gari la farasi, mbwamwitu wanalia milimani, na kasri ambalo bwana wake akiguswa na jua anakufa. Kisha bwana akasafiri kwa meli, akafika nchi ya mbali, hakupendezwa nayo, akarudi kwao. Ndipo akamwita fundi mmoja, mwanamke, aje amshonee mapazia ya kasri zima ili jua lisipate pa kuingilia. Mwanamke akashona. Lakini alivyokuwa akishona akamwonea huruma mwenye nyumba, kwani ilikuwa miaka mia nne hajaona rangi ya kitu mchana. Akaanza kumzoeza kidogo kidogo. Leo anafungua pazia kwa upana wa kidole, siku nyingine vidole viwili, na bwana anakaa kitini anatetemeka huku fundi amemshika mkono. Jumapili ya mwisho Nassibu alipofunga kitabu, pazia lilikuwa limefika nusu na jua limemwangukia yule bwana magotini. Mengine wiki ijayo, alisema. Katikati ya wiki akaanguka kazini, na kesho yake akazikwa.

Ndiyo maana Sabaha alikuwa na swali moja lililomnyima usingizi, na alilionea haya, maana mjane wa watu anatakiwa kuwaza akhera. Alitaka kujua: jua lilipomfika yule bwana usoni, lilimuua au halikumuua? Alihisi kwamba akilijua hilo, ile Jumapili ya mwisho itakuwa imekamilika, na Nassibu atakuwa amemaliza alichoanza. Asipolijua, atabaki siku zote kama mtu aliyeachwa mlangoni na mwenziwe anayesema anarudi sasa hivi.

Kwa hiyo aliwatuma watu sinema. Wa kwanza alikuwa Hyasinta, mpangaji mwenzake wa chumba cha pili, mama wa Kikatoliki kutoka Masasi, aliyekuwa akimletea uji asubuhi na maneno ya mtaa jioni. Wa pili alikuwa Shomari, mdogo wake marehemu, fundi magari wa huko huko Gerezani. Hyasinta alikwenda Jumamosi mchana na mumewe, Shomari akaenda na mafundi wenzake. Jumapili alasiri wote wawili wakaja kutoa habari. Hyasinta aliingia akakaa kitandani kwa Sabaha. Shomari, kwa kuwa shemeji si maharimu, akawekewa kigoda ukumbini, nje ya pazia la mlango, akawa anahadithia akiutazama ukuta.

Ukitaka kujua watu hawaoni kitu kimoja, wapeleke sinema. Shomari alianza na gari la farasi. Lilimuudhi. Gurudumu la nyuma lilikuwa likipiga chenga tangu mwanzo, alisema, na kama ni yeye dereva asingevuka nalo hata daraja la Jangwani, sembuse milima. Hyasinta yeye alipendezwa na msalaba, jinsi yule bwana alivyorudi kinyumenyume alipoonyeshwa, na akasema laiti padri wao angeiona. Kuhusu vitunguu saumu walikubaliana: mtu anayekimbia harufu ya vitunguu saumu angeshushwa kule shimoni sokoni Kariakoo, asingemaliza hata kupanda ngazi za kutokea. Sehemu za kutisha Hyasinta alikiri kwamba alifumba macho. Sabaha alicheka, mara ya kwanza tangu msiba, kisha akauliza lile alilowatumia.

"Jua lilimmaliza," Hyasinta alisema. "Lilimpiga usoni akawa jivu, mwenzangu. Jivu kama la jikoni."

Sabaha alijiweka sawa kaniki yake. Akauliza, "Na mshonaji alifanya nini?"

"Mshonaji gani?"

Hapo ndipo vita vilipoanza. Sabaha, ambaye hakuiona filamu wala hakuweza kusoma kitabu, alikitetea kitabu kile kuliko wote waliowahi kukisoma. Vipi wamtoe mshonaji? Hadithi yote imemshikilia yeye! Waliotengeneza filamu ile hawana haya, alisema. Wamechukua nyumba ya watu wakang'oa nguzo ya katikati, kisha wanaita watu waje kuitazama. Mbele yake Hyasinta alijihisi kama ndiye aliyeing'oa. Shomari, kutoka nyuma ya pazia, akajaribu kuzima moto: pengine ni mkanda tu, shemeji, kwa sababu ulikatika mara mbili na watu wakapiga miluzi, na wanapouunga huwa wanaacha vipande. Maskini hakujua anajichimbia. Sabaha alimwambia kwa upole kabisa kwamba kama ni hivyo, itabidi aende tena, na safari hii asitazame magurudumu.

Shemeji akitumwa na mjane wa kaka yake hana pa kukimbilia. Shomari akaenda tena katikati ya wiki, akaitazama filamu kama anavyokagua injini, na Jumapili iliyofuata akarudi kwenye kigoda chake. Mkanda haukukatika, alisema, na mshonaji hayumo. Hata mapazia hayamo ya maana. Yule bwana analala ndani ya sanduku la udongo, anataka mapazia ya nini?

Sabaha hakukubali. Alimwambia aanze mwanzo, na yeye Sabaha atataja pale walipokosea. Wakaenda pamoja, filamu na kitabu, kama watu wawili wanaokunja shuka. Gari la farasi, limo. Mbwamwitu, wamo. Kasri, bwana, jua, vyote vimo. Meli ikafika nchi ya mbali, na meli ikawa ile ile.

"Sasa," alisema Sabaha. "Baada ya meli bwana anarudi kwao."

"Harudi, shemeji. Anabaki. Kuna binti mmoja mzuri sana anamnyonya mpaka binti anakufa. Wanamzika. Basi yule binti naye anatoka kaburini, jioni jioni anazunguka mitaani anawachukua wa..."

Hyasinta akakohoa. Hyasinta hakuwa na kikohozi. Alikohoa kwa nguvu, akakohoa tena, na nyuma ya pazia Shomari akakatika kama redio iliyoishiwa betri. Kisha akasikika akiomba maji ya kunywa.

Sabaha hakusogea. Kuna sauti mtu huzisikia kwa masikio na nyingine huzisikia kwa mwili mzima, na kikohozi kile alikuwa amewahi kukisikia, pamoja na yale maji, katika uwanja wa nyumba hiyo hiyo.

"Anawachukua kina nani, shemeji?"

"Watoto," Shomari alisema, sauti imemshuka. "Watoto wadogo."

Maji yakishamwagika hayazoleki. Hyasinta aliushika mkono wa Sabaha, akaungama kwamba pale hakufumba macho. Aliona yote. Ila walipotoka sinema yeye na Shomari walikutana, wakakubaliana kipande kile wakiruke. Hawakutaka kumtonesha. Si mara moja ndani ya nyumba ile watu walikuwa wameteta hivyo, wanahadhari na neno mtoto mbele ya Sabaha.

Maana Sabaha na Nassibu walikuwa na mtoto. Alikuja baada ya miaka mingi ya dawa na dua, wakamwita Mgeni, na kabla hajatambaa homa ikamchukua kwa siku mbili. Hiyo ilikuwa mwaka juzi. Sabaha alilala kitandani mpaka watu wakaanza kunong'ona kuwa atamfuata. Cherehani ikafunikwa shuka, dirisha likafungwa, na mtu akilifungua mchana, Sabaha aligeukia ukutani. Wanawake wa mtaa mzima waliingia wakatoka, wakamkanda, wakalia naye, wakamlisha kwa kijiko. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, walisema, na wakisema hivyo macho yote humgeukia mama. Nassibu alipewa mkono makaburini na wanaume, akaambiwa ni mapenzi ya Mungu, na baada ya matanga akarudi stoo.

Jumapili moja wakati huo Nassibu alimshika mkewe mkono, akamtoa uani, akatandika mkeka, akafungua kitabu pale walipokuwa wameachia kabla ya msiba. Meli ilikuwa imeshafika. Alisoma mstari mmoja au miwili, akasita. Akakohoa. Akaomba maji, akanywa kikombe kizima bila kupumua, kisha akasema: basi yule bwana nchi ile haikumpendeza, akarudi kwao, akamwita fundi mmoja mwanamke. Sabaha alikumbuka hata rangi ya kikombe. Wakati ule aliona tu kwamba mumewe ana kiu.

Aliwaambia Hyasinta na Shomari yote hayo, taratibu, kama anayepapasa gizani. Shomari ndiye aliyesema labda aitwe mwenye kujua Kiingereza, na Hyasinta akavuka ukumbi kumgongea Josepha, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa Moshi, mpangaji wa chumba cha mbele. Josepha aliingia amevaa miwani, akatoa shikamoo, akaambiwa habari nzima kwa mkupuo na Hyasinta. Sabaha alikuwa ameshainamia sanduku la marehemu. Alimkabidhi kitabu kwa mikono miwili.

Josepha alikiweka mapajani, nacho kikafunguka chenyewe. Akakifunga akakifungua tena, kikaangukia pale pale. Karatasi za mwanzo zilikuwa zimechakaa kama kitabu chochote kilichosomwa. Ukurasa huu mmoja ulikuwa umekuwa kahawia, pembe zimelainika kama kitambaa, na alama ya kidole gumba iko pambizoni, imerudiwa juu yake yenyewe mara nyingi. Josepha akafunua ukurasa uliofuata. Ulikuwa safi kama mpya, na uliofuata, na nusu yote ya kitabu iliyobaki. Hakuna mkono uliowahi kupita huko.

"Dada," alisema, "kitabu hiki nakijua, hakuna mshonaji humu. Na marehemu hakuendelea mbele ya hapa. Alisoma kwa muda gani?"

Wote walijua. Zaidi ya mwaka mzima, kila Jumapili, Nassibu alikuwa akifungua ukurasa ule ule. Sabaha hakuwahi kumwona akifunua mwingine, kwa kuwa yeye macho yake yalikuwa kwenye sindano.

Kitu cha kwanza kilichompata kilikuwa hasira, tuseme kweli. Alijiona mjinga. Wiki nzima amegombana na watu wa Ulaya kwa ajili ya mtu ambaye hayupo, amemsumbua shemeji, amemtuma sinema mara mbili kumtafuta mwanamke aliyezaliwa uani kwao. Na mwisho wa hadithi haupo popote, haumo kitabuni wala filamuni, umezikwa na mwenyewe. Alisema kwa sauti ya kuvunjika kwamba Nassibu amemdanganya, na Shomari kule nje akainamisha kichwa kama ndiye anayeshtakiwa.

Hyasinta hakuwa msomi wa vitabu, lakini alikuwa amemlisha huyu kwa kijiko. Alimuuliza tu swali: dirisha hili, mwaka ule, nani alilifungua?

Sabaha alilitazama dirisha. Nassibu. Kidogo, kila Jumapili wakirudi kutoka uani, bila kusema neno. Mara upenyo wa kidole, mara zaidi, mpaka siku moja alijikuta anashona mchana kweupe na hajui ilianza lini. Alikuwa akidhani anasikiliza habari za mtu wa kasri. Akajifunika uso kwa kaniki, mabega yakamtikisika, na Hyasinta akamwacha alie, kwa kuwa kilio kile hakikuwa kibaya.

Alipotulia alimwambia Josepha amsomee ukurasa ule.

Josepha alisita. Alisema kwa adabu kwamba marehemu mwenyewe aliona si vyema, na yeye ni nani ampinge. Akijitolea kumsomea, basi amsomee yaliyo mbele, mwisho wake si mbaya.

"Mwisho siutaki tena," Sabaha alisema. "Nisomee huu aliokuwa anautazama. Alikaa nao peke yake, mwalimu. Mimi nilikuwa pembeni yake nacheka."

Basi Josepha akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasoma kwa Kiingereza kimoyomoyo, kisha akasema kwa Kiswahili, sentensi moja moja, bila kuongeza wala kupunguza. Habari za watoto wa mtaa mmoja waliokuwa wakipotea magharibi. Habari za mama mmoja aliyekuta kitanda cha mwanawe kitupu, na bado kina joto. Nyuma ya pazia Shomari alikuwa ameegemea ukuta, na yeye, ambaye alikuwa ameiona filamu mara mbili bila kushtuka, sasa alikuwa akilia.

Sabaha alisikiliza mpaka chini ya ukurasa. Alimwona Nassibu juu ya mkeka, kitanda kile mbele ya macho yake, na juu ya kitanda kile akisuka kwa ajili yake mwanamke mwema na mapazia na jua. Kila Jumapili alikuwa akizika mtoto na kumchekesha mama yake saa ile ile. Na mtu aliyempa maji alikuwa ni nani? Ni yeye mwenyewe aliyempa, na hakumuuliza kiu ya nini. Hakuna mwanamke wala mwanamume katika mtaa mzima aliyemkanda baba. Tangu mazishi hata jina la mwanawe walikuwa wamemvua. Waliona kumwita nalo ni kumtonesha, wakarudi kumwita Nassibu, kama mtu ambaye hajawahi kuzaa.

Alinyoosha mkono akakichukua kitabu kutoka mapajani mwa Josepha. Aliweka kidole gumba chake juu ya alama ya kile kidole.

"Pole, Baba Mgeni," alisema. "Pole sana, mume wangu. Sikukupa pole."

Akakaa hivyo muda mrefu, na wale watatu wakakaa naye.